Mkubwa Akikosa, na Aseme?

Twasikia mara nyingi ya kuwa mkubwa akiungama kosa mbele ya watu hujivunjia heshima. Na akiwa mwanamke, watu husema hivyo kwa ukali zaidi. Sisi hatukubali.

Angela Merkel, binti wa mchungaji, alizaliwa Hamburg mwaka 1954, akakulia Templin, mashariki ya Ujerumani. Alisoma fizikia Leipzig, akapata udaktari mwaka 1986. Tangu Novemba 2005 hata Desemba 2021 alikuwa Chansela, yaani mkuu wa serikali (Rais ni mwingine, wala hana nguvu zile).

Afanyaye kazi ya vipimo hujifunza mapema: kipimo kikimkatalia, hawezi kukigombeza, hana budi kufuta alichoandika. Je, desturi hiyo yafaa katika kutawala? Mwaka 2010 serikali yake iliongeza miaka ya mitambo ya nguvu za atomiki. Machi 2011 ikaja ajali ya Fukushima, Japani, naye akageuka, mitambo ya zamani ikafungwa. Wengine waliita hekima, wengine woga wa kura. Hapo twasita, maana mitambo ya Ujerumani ilikuwa ile ile jana na leo.

La mwaka 2021 ni wazi zaidi. Wakati wa korona, yeye na wakuu wa majimbo 16 walikaa barazani hata usiku wa manane, wakaamua Alhamisi na Jumamosi za Pasaka ziwe siku za kupumzika. Watu wakauliza: mishahara itakuwaje? Kazi zilizokwisha kupangwa je? Tarehe 24 Machi akaiondoa amri, akasema kosa ni lake peke yake, akawaomba raia msamaha.

Angaliweza kusema, "Tulikosa." Neno "sisi" ni kichaka kizuri cha kujificha, nasi tuandikao hivi twakijua.

Mwalimu mmoja alitupinga: mtawala akiungama hivi, nani atamtii kesho? Tena alikwisha kutangaza kwamba hatasimama katika uchaguzi wa mwaka ule, basi alipoteza nini? Hilo la pili ni kweli, wala hatumfanyi mtakatifu. Lakini la kwanza lasahau wenye maduka na wafanyakazi. Kama angalinyamaza siku kumi na mbili tu, Pasaka ingalipita, na kosa lake wangalililipa wao.