Taa za Rivasi na Wajibu wa Ajuaye

Je, mtu huwajibika kwa madhara asiyoyakusudia? Torati, katika Kutoka 21:29, humtia hatiani mwenye ng'ombe aliyezoea kupiga watu pembe, ikiwa alionywa lakini hakumzuia, na ng'ombe huyo akaua mtu, kwa kuwa kujua huzaa wajibu. Hukumu hiyo yamfaa pia mwenye gari kuukuu la gia otomatiki ambalo taa zake za rivasi, yaani taa nyeupe zinazowaonya walio nyuma, haziwaki. Zisipowaka zote mbili, fundi hukagua fyuzi, kisha swichi ya giaboksi, ambayo hupitisha umeme mkono wa gia ukiwekwa kwenye R. Isipowaka moja, huanza na balbu. Basi, kwa kuwa tiba yajulikana, anayeujua ubovu huo na kuupuuza hawezi kujitetea kwamba hakukusudia.