Kiti cha mtu aliyesafiri

Tarehe 10 Machi 2024 watu wa CNL walikutana Ngozi wakamchagua Nestor Girukwishaka kuongoza chama. Agathon Rwasa, aliyekiongoza tangu 2019, alikuwa nje ya nchi. Huku kambini tulibishana sana. Mimi ni mtoto wa Rumonge. Kwetu mwenye mtumbwi akisafiri, wenzake hawagawi nyavu zake.

Waliomtoa walisema alipanga viongozi wa chama apendavyo. Sawa, hilo lizungumzwe. Lakini wizara ilikuwa imekisimamisha chama tangu Juni 2023, halafu mkutano huu ukaruhusiwa. Mageuzi ukifunguliwa mlango na yule mnayeshindana naye, ni ya kwako kweli?

Ningepiga kelele zaidi, ila na sisi kwenye kikundi cha vijana tulimwondoa mwenyekiti wetu akiwa amelazwa. Ufunguo wa stoo alikuwa anashika peke yake, hesabu hasomi. Nilinyoosha mkono. Aliporudi akaniuliza, "Mdogo wangu, mlishindwa kunisubiri hata wiki moja?"

Nikakosa jibu. Siku hizi hesabu zinasomwa kila mwezi, mbele ya wote. Na mimi nikimwona bombani, bado nageuza na ndoo yangu tupu.