Mhakiki Mahakamani: Sanaa, Sheria na Swali la Nani Asome

Udhibiti wa vitabu vya watu wazima barani Ulaya aghalabu hujadiliwa kama mvutano kati ya maadili na uhuru. Hata hivyo, chini ya mvutano huo limefichika swali jingine: ni nani anayestahili kusoma?

Nchini Uingereza swali hilo li bayana. Katika kesi ya Hicklin ya mwaka 1868, Jaji Mkuu Cockburn alipima uchafu wa chapisho kwa uwezo wake wa kuwapotosha wenye akili nyepesi kuathirika ambao lingeweza kuwafikia. Kilichopimwa, basi, si kazi yenyewe bali msomaji aliyedhaniwa kuwa dhaifu.

Sheria ya 1959 iliagiza kazi itazamwe kwa ujumla wake, na ikawaruhusu wataalamu kuitetea thamani yake. Mwaka 1960 kampuni ya Penguin ilishtakiwa kwa kuchapisha *Lady Chatterley's Lover*, riwaya ya D. H. Lawrence. Mwendesha mashtaka, Mervyn Griffith-Jones, aliwauliza raia walioteuliwa kuamua kesi iwapo wangependa wake zao au watumishi wao waisome. Nakala iliuzwa kwa shilingi 3 na peni 6, bei ambayo mtumishi huyo aliimudu. Kilichoogopwa ni msomaji mpya.

Mashahidi 35 waliitetea riwaya hiyo, akiwemo mhakiki Richard Hoggart, na tarehe 2 Novemba 1960 Penguin ikaachiliwa. Ushindi huo, pamoja na umuhimu wake, una kasoro ya kimaadili. Ikiwa kitabu huokolewa na ubora wake wa kisanaa, basi mhakiki amerithi kiti cha jaji, na msomaji wa kitabu duni bado hana haki yake mwenyewe.

Denmark ilifuata njia tofauti: iliondoa marufuku ya maandishi mwaka 1967, na ya picha kwa watu wazima mwaka 1969. Haikudai ithibati ya usanii. Lakini neno na picha si mamoja. Mhusika wa riwaya ni wa kubuni; anayepigwa picha ana mwili na anaweza kudhulumiwa. Ndiyo maana mwaka 1980 nchi hiyo hiyo ilipiga marufuku biashara ya picha za kingono za watoto.

Yamkini hapo ndipo mpaka wa haki ulipo. Sheria inayouliza nani asome humdunisha msomaji. Inayouliza nani ameumizwa humlinda binadamu. Swali hili la pili halimhitaji mhakiki mahakamani.