Kuhesabiwa Bila Kuibiwa: Sensa, Utambulisho na Amana

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Sensa ni methali hiyo iliyofanywa kazi ya serikali: kila aliyelala nchini usiku uliotangazwa huandikwa, ili shule, zahanati na maji vipangwe kwa kumfikiria. Lakini mlango anaofunguliwa karani wa sensa, tapeli naye huweza kuubisha. Insha hii inauliza: je, hofu ya kuibiwa utambulisho inamhalalishia mtu kujificha asihesabiwe?

Nalipima swali hili kwa Chovae, mojawapo ya visiwa vya Wabajuni vilivyo kusini mwa Kismayo. Somalia ilifanya sensa mwaka 1975, kisha nyingine ya 1986 na 1987 ambayo matokeo yake hayakuchapishwa kikamilifu. Mwaka 1991 dola ikaanguka. Mwaka 2014 yalipatikana makadirio ya watu takriban milioni 12.3, kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu. Kukadiria, hata hivyo, si kuhesabu.

Gharama ya kutohesabiwa inaonekana katika siasa. Tangu mkutano wa Arta, Djibouti, mwaka 2000, madaraka Somalia hugawanywa kwa mfumo wa 4.5: koo nne kubwa hupata fungu moja moja, na jamii nyingine zote, Wabajuni wakiwamo, hugawana nusu fungu. Nusu hiyo haikutokana na hesabu ya vichwa, ilitokana na mapatano. Anayetaka kuipinga hana takwimu ya kushika mkononi. Kwa hiyo kujificha si salama kama kunavyodhaniwa. Anayejificha naye hupoteza.

Hata hivyo, wizi upo, na ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni wa tapeli anayejifanya karani. Nchini Kenya, katika sensa ya usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, makarani walivaa vitambulisho na kufuatana na wazee wa vijiji. Utaratibu huo una hekima: mwenyeji anayejulikana anamdhamini mgeni asiyejulikana. Karani wa kweli anauliza umri, elimu, kazi na hali ya nyumba. Hahitaji namba ya siri ya simu yako, wala kadi ya benki, wala ada yoyote. Wapo wanaoona haya kumuuliza mgeni kitambulisho, kwa kuwa pwani tumelelewa kumkaribisha kwanza na kumuuliza baadaye. Mimi naona kinyume. Kabla tapeli hajaiba fedha, ameshauiba ukarimu wetu, kwa maana anayefuata atapokewa kwa mlango uliofungwa. Kuuliza kitambulisho ni kuulinda ukarimu huo.

Wa pili ni wizi wa idadi. Agosti 2010, waziri wa mipango wa Kenya, Wycliffe Oparanya, alitangaza kufutwa kwa matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane za kaskazini, zikiwamo za Turkana na Mandera, kwa sababu idadi ilionekana kupanda kupita kiasi. Anayeandika watu hewa hudhani anaisaidia jamii yake. Lakini shaka inapoingia, haichagui: mkazi halali naye hutiwa katika kapu moja na mtu asiyekuwapo.

Wa tatu ni kuazima utambulisho wa watu wengine. Wabajuni wengi walikimbia baada ya 1991, na baadhi yao waliomba hifadhi Ulaya. Kwa kuwa Wabajuni wako pia Kenya, maafisa wa uhamiaji walitaka kujua nani ametoka upande upi wa mpaka, wakatumia uchambuzi wa lugha. Mwanaisimu Derek Nurse, aliyekitafiti Kibajuni kwa miaka mingi, ni miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Simhukumu kwa ukali mtu mwenye dhiki anayedai kuwa wa Chovae ilhali si wa huko. Dhiki ina sababu zake. Ila nauliza nani analipa. Hailipi serikali tajiri peke yake. Analipa mkimbizi wa kweli wa Chovae, ambaye sasa hadithi yake haisadikiki mpaka aithibitishe mara mbili.

Pingamizi kubwa zaidi ni kwamba huenda mwizi ni dola yenyewe. Rwanda, kabila liliandikwa katika vitambulisho tangu miaka ya 1930 chini ya Wabelgiji. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na watu wakauawa. Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili, taarifa za sensa zilitumika dhidi ya raia wenye asili ya Japani. Anayeogopa orodha, basi, si mjinga.

Tanzania ilijibu kwa kuacha kuuliza kabila katika sensa baada ya ile ya 1967. Jibu hilo lina busara, lakini kwa Chovae lingekuwa na kasoro: jamii ndogo isipotajwa, huzama ndani ya jumla, na kile kinachoilinda ndicho kinachoificha. Ndiyo maana nadhani suluhisho ni masharti. Jamii itajwe kwa hiari ya mwenyewe, kama takwimu, isiandikwe kwenye kadi ya mtu. Jina litenganishwe na majibu. Anayevujisha siri aadhibiwe, hata akiwa na cheo.

Masharti hayo yakitimizwa, hofu haitupi tena ruhusa ya kudanganya wala kujificha. Yasipotimizwa, tuna haki ya kuyadai kwa sauti kabla karani hajafika. Taarifa za mtu ni amana. Mwenye mali hukabidhi amana kwa hiari, kwa anayejulikana, kwa kiasi kinachohitajika, naye mpokeaji huwajibika hadi mwisho. Desturi hiyo haihitaji kuanza kufundishwa visiwani. Inahitaji kuingizwa katika sheria, pamoja na mashua ya kumfikisha karani Chovae.