Zawadi ya Aliyetumwa



Umemtuma mwanao dukani akakununulie kilo mbili za mchele. Amerudi, mchele umetimia, chenji imetimia, na shavu moja limetuna kwa peremende. Mwenye duka amempa. Je, utamwita mwizi? Hakuna mzazi wa namna hiyo. Utacheka, na mambo yaishe.

Sasa tuseme siku zimepita, ukaja ukagundua kuwa mtoto haendi tena duka la jirani, ambalo mchele wake ni rahisi. Avuka barabara kubwa, aenda duka la mbali ambalo kila kilo imezidi shilingi kumi, kwa kuwa huyo wa mbali ndiye atoaye peremende. Peremende ni ile ile, na mtoto ni yule yule, lakini safari hii hutacheka. Kuna kitu kimeingia baina yako na yeye. Amana uliyompa imeanza kutoboka.

Nimeanza na habari ya dukani kwa sababu suala nililoletewa ni la angani, na wengi wetu tukisikia mambo ya ndege hudhani kwamba yana hukumu zake mbali.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwenye adabu na mwenye kuhifadhi sala zake, ameajiriwa na kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Kazi yake yamtaka asafiri: mara Nairobi, mara Dubai, mara Guangzhou kupitia huko huko Dubai. Nauli yalipwa na kampuni. Lakini kila apandapo ndege, shirika lamwandikia pointi kwa jina lake yeye, na pointi zikikusanyika huweza kubadilishwa kwa tiketi. Kwa miaka mitatu amezikusanya wala hajazigusa. Sasa zimekaribia kutosha tiketi ya kwenda Jidda na kurudi, na nia yake ni kumpeleka mama yake Umra. Alinijia baada ya sala ya Isha akaniuliza: "Maalim, pointi hizi ni zangu?"

Nilimwambia anipe siku chache, kwani sikuwa na jawabu. Haya niyaandikayo ndiyo niliyoyapata katika siku hizo.

Kwanza yafaa tujue mambo haya yalitoka wapi. Mwaka 1978 Marekani iliondoa sheria zilizokuwa zikipanga nauli na njia za ndege za ndani ya nchi, na mashirika yakaachwa yashindane. Mei 1981 shirika la American Airlines lilianzisha mpango wa kuwahesabia abiria wake maili walizosafiri na kuwatuza kwa safari za bure. United lilifuata baada ya siku chache tu, kisha wengine, mpaka mpango huo ukaenea duniani. Leo Emirates wanao wao uitwao Skywards, na Ethiopian wanao ShebaMiles.

Lakini mfanyabiashara hatoi kitu bure. Kwa nini basi atoe hiki? Zingatia, ndugu msomaji, kwamba abiria wa ndege ni wa aina mbili. Yuko wa matembezi: aendaye arusini, au kuzuru jamaa zake, au kupumzika. Huyu alipa kutoka mfukoni mwake, kwa hiyo atauliza bei kwa mashirika matatu, atangoja msimu wa nauli rahisi, na yu radhi kuondoka usiku wa manane ili apunguziwe. Wa pili ni msafiri wa kazi. Huyu aambiwa leo, aondoka kesho, tena tiketi yake ni ya ghali kwa kuwa haina muda wa kungoja. Kumvuta kwa bei rahisi hakufai kitu, maana urahisi huo haumfikii yeye, wamfikia mwajiri wake. Ndipo akavutwa kwa kitu kitakachomfikia mwenyewe. Alipaye ni mmoja, achaguaye ni mwingine, na zawadi imepewa mwenye kuchagua.

Kisha mambo yamezidi. Tangu mwaka 2015 na 2016 mashirika makubwa ya Marekani yameacha kuhesabu pointi kwa urefu wa safari, na badala yake yahesabu kwa fedha zilizolipwa. Na mengine mengi duniani yamefuata njia hiyo. Maana yake ni kuwa kadiri mwajiri anavyotoa zaidi, ndivyo mwajiriwa apatavyo zaidi. Hasara ya aliyetuma yageuka kuwa faida ya aliyetumwa. Je, hili si lile duka la ng'ambo ya barabara?

Ama katika dini yetu, zawadi ya aliyetumwa si jambo jipya. Katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kimekuja kisa cha mtu aliyeitwa Ibn al-Lutbiyya, ambaye Mtume (S.A.W.) alimtuma akakusanye zaka. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili: hili akasema ni la Waislamu, na hili akasema amezawadiwa yeye. Mtume alipanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama zawadi hiyo ingemfuata huko.

Hakusema kwamba mtu yule aliiba, wala kwamba waliompa walikuwa na nia mbaya. Alichouliza ni zawadi ile imekuja kwa njia gani: je, ingekuja lau si kazi? Chukua suala hilo, ndugu yangu, ulipime kwa pointi zako. Zile ulizopata kwa safari uliyojilipia mwenyewe ni zako bila ya shaka. Na zile za safari za kazi, lau ungekaa nyumbani kwa mamako, zingekufuata?

Kisha kiko kisa cha pili, nacho chapendeza zaidi. Urwa al-Bariqi alipewa na Mtume dinari moja akanunue kondoo. Kwa werevu wake alipata kondoo wawili kwa dinari ile. Akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo mkononi na dinari nzima. Angeweza kumpeleka kondoo aliyetumwa na dinari akaitia kibindoni, wala hapana ambaye angejua. Lakini ziada aliirudisha kwa mwenye mali, na Mtume akamuombea baraka katika biashara yake.

Walakini tusiharakishe kumhukumu kijana wetu, kwani naye ana hoja zake, na mwenye haki husikiliza. Aliniambia: "Mimi ndiye niamkaye saa tisa za usiku. Mimi ndiye nikeshaye viwanjani, na watoto wangu hulala bila ya kuniona. Na isitoshe, pointi zaandikwa kwa jina la abiria. Kampuni haina mahali pa kuziweka."

Maneno haya yana uzito. Na katika Muwatta ya Imam Malik mna habari inayofanana nayo. Abdallah na Ubaydallah, watoto wa Sayyidna Umar (R.A.), walikuwa Iraki pamoja na jeshi. Walipokuwa wakirudi Madina, Abu Musa al-Ash'ari, aliyekuwa gavana wa Basra, aliwakopesha fedha za hazina wanunulie bidhaa, waziuze Madina, rasilimali waikabidhi kwa baba yao na faida iwe yao. Sayyidna Umar aliposikia aliuliza: je, jeshi zima limekopeshwa kama mlivyokopeshwa ninyi? Wakasema la. Akawataka warudishe mali pamoja na faida yake. Abdallah alinyamaza. Ubaydallah akajitetea kwamba mali ile ingalipotea wao ndio wangaliilipa. Mwisho alitokea mtu akashauri iwe ni biashara ya ushirika, na Umar akakubali: nusu ya faida ikaenda hazina, na nusu wakachukua wao.

Tazama hekima iliyomo. Taabu ya msafiri haikupuuzwa. Lakini hakuachwa ajikatie fungu mwenyewe. Alikatiwa na mwenye mamlaka, mambo yakiwa wazi. Na suala la Umar lingali hai. Yule karani aliyekutayarishia karatasi zako, na dereva aliyekupeleka uwanjani saa tisa za usiku, wao wameandikiwa pointi ngapi?

Hata mataifa mengine yamehangaika na jambo hili. Huko Marekani, maili walizopata wafanyakazi wa serikali ya shirikisho kwa safari za kazi zilikuwa mali ya serikali, mpaka Desemba 2001 ilipotiwa saini sheria ya kuwaruhusu wazichukue wao. Ujerumani mambo yalikwenda upande mwingine. Kanuni za Bunge lao zilitaka maili za safari za kazi zitumiwe kwa kazi. Julai 2002 magazeti yalifichua kuwa baadhi ya wanasiasa walizitumia kwa safari zao za faragha. Gregor Gysi alijiuzulu wadhifa wake wa kusimamia uchumi katika serikali ya jiji la Berlin, na mbunge Cem Özdemir akaacha nafasi yake ya usemaji wa chama. Na mwaka 2006 mahakama kuu ya kazi ya nchi hiyo iliamua kwamba mwajiri aweza kumtaka mfanyakazi azitumie kwa safari za kazi maili alizozipata kwa nauli ya mwajiri.

Basi kitu ni kimoja. Mmoja amekitumia akalala usingizi wake, na mwingine amekitumia akapoteza wadhifa wake. Kilichowatofautisha ni neno la mwenye mali: huku ametoa idhini, na huku hakuitoa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jawabu lina milango mitatu. Ikiwa mwajiri amesema pointi ni za msafiri, au ni ada iliyojulikana kazini kwenu na wakubwa waiona na kuiridhia, basi ni halali yako. Wanazuoni wamekubali kuwa ada inayojulikana huhukumu kama sharti lililotajwa. Ikiwa mkataba wasema ni za kampuni, basi si zako hata moja, wala nia ya Umra haizisafishi. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wasema hija ya mali ya haramu yasihi lakini mwenyewe ana dhambi, na kauli mashuhuri katika madhehebu ya Imam Ahmad ni kwamba haisihi kabisa. Ni mtoto gani atakaye kumpeleka mamake mbele ya Al-Kaaba kwa kitu ambacho wanazuoni wabishana kama kitapokewa?

Mlango wa tatu ndio wenye watu wengi: mwajiri hakusema kitu, nawe hukuuliza. Hapa dawa ni kuuliza. Mtume ametufundisha kuwa dhambi ni lile lenye kukukereketa kifuani, ukachukia watu walione. Ikiwa waona uzito kumwambia mkubwa wako habari ya pointi hizo, uzito huo wenyewe ni jawabu.

Na katika milango yote mitatu kuna sharti moja lisilosameheka: pointi zisikuchagulie safari. Usikate tiketi ya ghali ilhali iko rahisi yenye kufaa. Usizunguke miji miwili kwa ajili ya kuongeza hesabu. Usipande ndege kwa neno lililoweza kumalizwa kwa simu. Na usiyape matembezi jina la kazi, ukaongeza siku mbili za hoteli kwa mfuko wa mwenzio. Mtu aweza kuruhusiwa pointi na bado akawa mwenye khiyana, kama mtoto aliyeruhusiwa peremende akamtia mamake hasara ya mchele.

Nanyi waajiri, msiwaache watu wenu gizani. Mstari mmoja katika mkataba watosha kumwondolea Mwislamu shaka ya miaka.

Nasi wa nyumbani tuna fungu letu. Twampokea msafiri kwa vigelegele, twapokea kanga na manukato, twamsifu kuwa ametukumbuka. Ni mara ngapi tumemuuliza, kwa upole, zimetoka wapi? Wake wa wema waliotangulia, yasimuliwa, walikuwa wakiwaambia waume zao asubuhi wakitoka kwamba wataistahimili njaa lakini hawataustahimili moto. Siku hizi aghlabu twawaambia wasisahau tulichowaagiza.

Kijana wetu alikwenda akauliza. Mkubwa wake kwanza alicheka, akasema hapana mtu aliyepata kumuuliza jambo hilo. Kisha akafikiri, akamwambia: zilizokwisha kusanyika ni zako, na zijazo pia, lakini kuanzia leo ofisi ndiyo itakayochagua tiketi, na itachagua iliyo rahisi, ya shirika lolote. Basi sasa mara apanda hili, mara lile, na pointi zake zimetawanyika. Zile za mwanzo hazijatimia, wala hazina haraka ya kutimia. Mama yake bado yuko nyumbani. Alipoelezwa sababu, nasikia alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa Makka haihami.

Kijana sasa aweka akiba kidogo kidogo katika mshahara wake kukamilisha nauli. Mwenyezi Mungu amfikishe yeye na mamake, na atujaalie sote kuwa watu ambao wakitumwa huaminika. Amin.