Mkate Kabla ya Maneno

Elia alikuwa ametoka kuwashinda manabii wa uongo kwenye mlima Karmeli, mbele ya taifa zima. Kisha malkia Yezebeli akaapa kumuua, na yule nabii shujaa akakimbia mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake. Akaketi chini ya mretemu, akamwomba Mungu amwondolee uhai. Habari hii imo katika 1 Wafalme 19, na kila niisomapo hunigusa jinsi Mungu alivyomjibu.

Malaika hakuja na hotuba. Hakumuuliza imani yake imekwenda wapi. Alimgusa, akamwambia aamke ale, na pale kichwani pake palikuwa na mkate na maji. Elia akala, akanywa, akalala tena. Wala hakukemewa kwa kulala. Malaika akarudi mara ya pili, akamwamsha ale, kwa kuwa safari iliyo mbele ilimzidi nguvu. Ndipo akatembea siku 40, mchana na usiku, hadi Horebu. Maswali ya Mungu yalimngoja huko.

Sisi waumini tuna haraka ya kusema. “Kazi ya Mungu haina makosa,” tunamwambia mama aliyemzika mwanawe mchana uleule. Siukani ukweli wa neno hilo. Nadhani tu ni yeye mwenye haki ya kulitamka kwanza, siku atakayoweza. Ayubu alipofiwa na watoto wake, marafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari walikaa naye chini siku 7, asiseme mtu neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Walikosea walipoanza kumtafutia dhambi, na mwishowe Mungu aliwakasirikia. Lakini zile siku 7 zilikuwa ibada.

Namshukuru Mungu kwamba kwenye msiba watu wetu wanajua la kufanya. Wanajumuiya hufika kabla ya kuitwa: huyu kachota maji, yule yuko jikoni, wengine wanakusanya rambirambi au kukesha na wafiwa. Uzito huja baadaye, matanga yakishaanuliwa na maturubai kurudishwa, mjane akabaki na ada ya shule na shamba lililoota magugu. Hapo ndipo malaika wa Elia alirudi, na hapo ndipo wengi wetu hatuonekani.

Na ziko shida zisizo na matanga kabisa. Aliyeachishwa kazi hafungiwi turubai. Anayemuuguza mzazi mwaka wa tatu hachangiwi tena, na Jumapili asipoonekana kanisani huhesabiwa amepoa kiroho. Kabla ya kumuuliza kuhusu sala zake, mtu ampigie simu, amwambie atapita jioni amshikie zamu kwa mgonjwa, na jioni afike kweli, na unga mkononi.