Kirusi, Hesabu na Kunyamaza

Tulipokuwa sekondari tulipewa hesabu hii: kompyuta moja imeingiwa na kirusi. Kila saa, kila kompyuta yenye kirusi inaambukiza nyingine tatu zilizo nzima. Baada ya saa tano, zilizoambukizwa zitakuwa ngapi? Wengi wetu tulijibu 243, yaani tatu izidishwe kwa tatu hadi mara tano. Mwalimu akatukosoa: zile za mwanzo hazijapona, bado zinaambukiza. Kwa hiyo kila saa idadi huzidishwa kwa nne: 1, 4, 16, 64, 256, 1,024.

Swali langu katika insha hii ni la maadili. Je, aliyeambukiza wengine bila kujua ana hatia? Na kama hana, hatia huanza lini?

Nina sababu ya kuuliza. Ninasoma Mbarara, lakini kwetu ni Nakivale, upande wa Base Camp. Mwaka jana nilichapisha kazi yangu katika kibanda kimoja mjini, kisha Jumamosi nikaenda nyumbani na flashi ileile. Nikaichomeka katika chumba cha kompyuta ambamo vijana huandika barua za kuomba ufadhili wa masomo. Jumatatu, nikiwa nimesharudi Mbarara, mwenzangu akaniambia kwamba flashi yangu ina kirusi kinachoficha mafaili. Nilijua mara moja nilikokipeleka. Sikupiga simu. Niliona aibu, tena nikajiambia kwamba hata mimi niliambukizwa tu.

Wiki hiyo dada mmoja, jirani yetu, alikuta folda ya vyeti vyake haina kitu. Kumbe vilikuwa vimefichwa, lakini yeye aliamini vimepotea. Akakopa nauli, akaja Mbarara kuviskani upya.

Wapo watakaonitetea: kila mtu alinde mafaili yake, na mwenye kosa ni aliyetunga kirusi. Hoja hiyo ina ukweli. Mwaka 1988 Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliachia programu iliyojisambaza yenyewe. Ilikadiriwa kuingia katika kompyuta 6,000 hivi, na mahakama ikamtia hatiani yeye, si wale ambao kompyuta zao ziliipitisha. Lakini kisa hicho kina upande wa pili. Usiku huohuo rafiki yake alisambaza ujumbe usio na jina, wenye maneno ya kuomba radhi na maelezo ya namna ya kuizuia. Mtandao ulikuwa umeshasongwa, ujumbe ukachelewa kuwafikia watu. Ukweli uliochelewa ulikuta njia imezibwa na kosa lenyewe.

Sasa turudie hesabu yetu. Tuseme kila kompyuta inaambukiza tatu katika saa yake ya kwanza tu, kisha mwenyewe anagundua na kuizima. Baada ya saa tano jumla ni 1 + 3 + 9 + 27 + 81 + 243, yaani 364. Kutoka 364 hadi 1,024 kuna tofauti ya 660. Hizo 660 hazikutokana na saa ya kutojua. Zilitokana na kompyuta ambazo wenyewe walishapata nafasi ya kujua, wakaziacha ziendelee.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: Jumamosi sikuwa na hatia. Kuanzia Jumatatu nilikuwa nayo, ingawa sikugusa kompyuta yoyote ya Nakivale. Idadi ya watakaodhurika haimo mikononi mwetu, lakini muda wa kunyamaza umo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo inamwonya mgonjwa mwenyewe. Maradhi yakiwa ya kuambukiza, anayetangulia kuumia ni jirani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumweleza kaka anayetunza chumba kile. Nilikuwa nimejiandaa kusimulia habari za kibanda cha mjini, nioneshe kwamba kirusi hakikuanzia kwangu. Hakuniuliza nilikitoa wapi. Aliuliza, "Ulijua lini?"

Nikajibu, "Jumatatu."

Akageukia kompyuta, akaanza kuzisafisha moja baada ya nyingine. Nami nikaenda kumtafuta yule dada, nauli yake ikiwa mfukoni.